Mwaka Mzee Kule Alipohamia Chumbani Kwangu

Nilipopigiwa simu kwamba Mzee Kule amefariki, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni mkoromo wake. Najua hilo si jambo la kusema juu ya marehemu, na kule Bwera, mpakani mwa Kongo, nilipopewa nafasi ya maneno machache kabla ya jeneza kushushwa, sikulisema. Nilisema maneno mengine, marefu, ya mtu aliyesoma chuo kikuu, kuhusu uaminifu na utu, mpaka mwanamke mmoja nyuma ya turubai akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mwalimu ameanza kipindi cha pili. Sala ziliongozwa na katekista. Misa haikuwapo, na hakuna aliyeuliza kwa nini, kwa sababu pale kila mtu anadhani anajua. Niliporudi Kasese jioni ile nilikaa kitandani bila kuvua viatu, udongo wa kaburi ukinidondokea sakafuni, nikawaza kwamba watu wote wale walisikia habari ya Kule na shangazi yangu kwa majirani. Mimi niliisikia kupitia ukuta.

Ilikuwa mwaka 2015, mwaka ambao Papa alikuja Uganda. Nilikuwa nimerudi kutoka Kampala na shahada ya falsafa, bidhaa ambayo haikuwa na wateja wengi Bwera. Shule moja ya sekondari ilinipokea kwa sababu ilihitaji mwalimu wa chochote, nami nikafundisha historia, dini, na kwa muhula mmoja kilimo, ingawa wanafunzi wangu walikuwa wamelima tangu utotoni na mimi nilikuwa nimesoma tu kuhusu watu waliolima. Nilikaa kwa Shangazi Masika. Mbele ya nyumba yake palikuwa na hoteli yake, yaani meza chache za mbao kando ya barabara iendayo Mpondwe, ambako madereva, makarani wa kahawa na askari walikula bundu, yaani ugali wa muhogo, na sombe, mboga ya majani yake, na samaki wa ziwani Kasenyi siku walipopatikana. Nyuma ya hoteli palikuwa na vyumba viwili vya kulala. Kimoja kilikuwa chake na Mzee Kule, kingine kikawa changu. Ukuta uliovitenga haukufika kwenye mabati, kwa hiyo mtu akipiga chafya upande huu, wa upande ule alimwombea afya.

Shangazi na Kule walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi na walikuwa na mtoto mmoja, Mumbere, dereva wa lori ambaye hakuonekana sana. Harusi hawakufunga. Hawakuweza, kwa sababu Kule alikuwa ameshafunga moja kanisani akiwa kijana, na mwanamke yule baadaye alivuka mpaka, akapata mtu mwingine Butembo, akazaa naye, na alikuwa hai na mzima kabisa. Kwa sheria ya Kanisa letu Katoliki, huyo wa Butembo ndiye aliyekuwa mke. Shangazi yangu hakuwa mke, na aliyekaa na mume wa mwingine hakupokea komunyo. Sheria hii ukiisoma kitabuni ina mistari michache. Pale kigangoni, kanisa letu dogo, ilikuwa na umbo la magoti. Kila Jumapili benchi zima la wanawake lilisimama kwenda mbele kupokea, Shangazi akageuza magoti yake pembeni kuwapisha. Wakarudi, akageuza tena. Alifanya hivyo kwa adabu ya mtu anayefungulia wageni mlango. Sikuwahi kumsikia akilalamika, na kwa ujinga wangu wa msomi nilidhani basi amezoea.

Kisha padri akatangaza, kabla ya ujio wa Papa, kwamba Roma imerahisisha taratibu za kesi za ndoa, na mwenye ndoa yenye matatizo aje ofisini, asiogope. Kesho yake Shangazi alivaa gauni la sikukuu, akamvalisha Kule koti, akaniambia nami niende, eti nikasikilize Kiingereza kikitokea. Padri alikuwa Mkonzo kama sisi. Kiingereza hakikutokea hata kidogo. Tulikaa kwenye chumba chenye kalenda na thamosi ya chai, naye padri, mtu mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi, akaeleza kwamba mahakama ya Kanisa haivunji ndoa. Inachunguza kama kweli ndoa ilikuwapo tangu mwanzo. Kama haikuwapo, Kule yuko huru.

"Mzee, wazazi walikulazimisha?" akauliza.

"Hapana, Padri." Kule alifanya kazi kwenye stoo ya kahawa Mpondwe na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mpakani. "Mimi mwenyewe nilienda kumutafuta. Kwa muguu, mpaka Kisinga."

"Ulikuwa kijana sana. Labda hukuelewa ndoa ni nini."

"Nilielewa."

"Au yeye. Labda alikuwa na nia nyingine moyoni tangu siku ile."

"Hakukuwa na nia ingine. Alinipenda. Kisha vita ikakuja, njaa ikakuja, akaenda kuona bazazi bake Butembo, akabaki."

Padri akaweka kalamu chini. "Mzee Kule, nakutafutia mlango."

"Ninaona, Padri. Aksanti. Lakini ule mlango iko ya uongo. Ile ndoa ilikuwa ya kweli."

Shangazi alikuwa akiitazama thamosi kana kwamba ndiyo iliyosema. Njiani alitangulia mbele kwa hatua za haraka, gauni limekunjwa mkononi lisishike vumbi, na tulipokaribia barabara kuu akasema bila kugeuka, "Ungesema tu ulikuwa mtoto." Kule akajibu, "Nilikuwa mutu muzima, Mama Mumbere." Basi. Tangu hapo nimesoma vitabu vinene juu ya suala hili, vya wanaoitetea sheria na vya wanaoipinga, na mara nyingi nimefikiri kwamba sijakutana na mtu aliyekubaliana na Kanisa kuhusu ndoa ya kwanza zaidi ya Kule. Alikubaliana nalo mno, na kukubaliana huko ndiko kulikomfungia mlango.

Habari haikukaa siku nyingi kabla ya kufika mezani. Tulikuwa na mteja wa kila siku, afande mmoja wa polisi kutoka kaskazini, Mprotestanti, na mwingine, pasta wa kanisa la walokole lililokuwa chini ya mabati mapya karibu na kituo cha mafuta. Mchana mmoja walikalia meza moja kwa sababu nyingine zilijaa.

"Mama Masika," pasta akasema, "ndoa hii naifunga Jumamosi. Gauni naleta, kwaya naleta. Bwana mwenyewe alisema, Matayo kumi na tisa, isipokuwa kwa uasherati. Yule mwanamke alienda kwa mume mwingine. Kule amefunguliwa."

"Pasta, wacha haraka," afande akasema akitoa mfupa wa samaki mdomoni. "Kwetu Protestanti hii kitu ni ngumu pia. Lakini mutu anaenda kwa bishop, anaeleza. Bishop iko na masikio."

"Na wewe ulieleza bishop, afande? Una wake wawili."

"Mmoja iko hapa, mmoja iko kambi ya zamani. Mimi naimba tu kwaya. Sijaomba kitu ingine."

Niliona wakati wangu umefika. Nikaanza kuwaeleza jinsi mababa wa Kanisa wa mashariki na wa magharibi walivyotofautiana juu ya aya hiyo hiyo, nikafika karne ya nne hivi, afande akaniomba chumvi. Ndipo Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani mbili, akamjibu pasta. "Gauni utanivalisha, najua. Na ndoa utatufungisha. Lakini mkate wako ni ukumbusho tu, umesema mwenyewe kwenye kipaza sauti, tunasikia mpaka jikoni. Mimi sina njaa ya ukumbusho."

Pasta hakuudhika. Aliomba aongezewe sombe.

Njia iliyobaki padri aliieleza wiki iliyofuata, safari hii bila koti wala gauni la sikukuu. Watu wawili ambao hawawezi kutengana kwa sababu nzito, na ambao hawawezi kuoana, wanaweza kuishi kama kaka na dada. Wakiungama na kuahidi hivyo, wanaweza kupokea. Nakumbuka alivyolisema, akitazama vidole vyake. "Mimi si mwenye hii sheria, Mama. Nimepewa kuitunza. Kristo hamwachi aliyemchukua, hata akiachwa. Ndoa ni picha ya hilo. Nikiipasua picha kwa huruma yangu, nitakuwa nimekupa nini?" Kule aliuliza, kwa upole, kama yeye alimwacha mtu. Padri akasema hapana.

Jioni ile nilikuwa nikisahihisha madaftari mlango ukagongwa. Mzee Kule alisimama pale na godoro begani, redio mkononi, na taulo shingoni.

"Mwalimu," akasema, "Kanisa imenituma kwako."

Ndivyo tulivyoanza. Kitanda changu kikasukumwa dirishani, chake kikawa godoro la chini karibu na mlango, na mkoromo wake ukaingia maishani mwangu kama somo la lazima. Lakini mkoromo haukuwa jambo gumu. Ugumu ulikuwa mchana. Watu wale wawili waliokuwa wakipitana jikoni bila kutazamana, mmoja akijua mkono wa mwenzake uko wapi, sasa walianza kuoneana haya kama wachumba. Kule alipohitaji shati, alisimama nje ya chumba chake mwenyewe akabisha hodi, na Shangazi akalitoa limekunjwa, akampa kwa mikono miwili kama mgeni. Zamani alimpakulia bundu akamwekea mkononi. Sasa aliiweka sahani mezani, akaondoka, ndipo Kule akaivuta. Nilikula katikati yao kila jioni nikizungumza kupita kiasi kuhusu siasa, na mara nyingine walicheka wote wawili kwa wakati mmoja, kisha wakanyamaza wote wawili, kama waliokamatwa.

Shangazi aliungama. Kule hakwenda. Padri alimpa Shangazi ruhusa, lakini kwa sharti: pale kigangoni kila mtu aliwajua kama mume na mke, chini ya paa moja, wangekwazika wakimwona akipokea. Apokee mahali asipojulikana. Kwa hiyo Jumapili moja alipanda bodaboda alfajiri mpaka Kisinga, akarudi mchana amekaa wima nyuma ya dereva, kitambaa cheupe kichwani. Aliingia jikoni moja kwa moja akaanza kuparua samaki.

"Ilikuwa namna gani?" Kule akamuuliza.

"Vizuri."

"Vizuri tu?"

"Nilisimama nyuma ya watu nisiowajua, nikapokea, nikatoka. Hakuna aliyenipisha." Akaparua tena. "Nilikuwa kama mwizi aliyeruhusiwa."

Nilielewa wakati huo, ingawa sikuwa nimeulizwa, kwamba Kisinga haikuwa alichokitaka. Alitaka kupokea pale pale alipogeuzia magoti. Na Kisinga kuna hospitali ya misheni, na hospitali huleta watu. Alipokwenda tena, Mama Biira, mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo, alikuwa amempeleka mgonjwa, akaingia misani, akamwona.

Zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwa Shangazi iliangukia wiki hiyo hiyo. Ndiyo desturi ya jumuiya. Sala huzunguka kutoka nyumba hadi nyumba, na huwezi kuikataa zamu yako bila kila mtu kujua una nini. Tulisukuma meza za hoteli ukutani. Walikuja wengi kuliko kawaida. Rozari ilisaliwa, Injili ikasomwa, na ulipofika wakati wa matangazo Mama Biira akabaki amesimama. Sitaki kumfanya mtu mbaya. Binti yake alikaa na mwanamume mwenye ndoa, na mwaka uliotangulia alikataliwa kuwa mama wa ubatizo wa mpwa wake mwenyewe. Biira ndiye aliyepelekewa jibu hilo, naye akalifikisha kwa binti bila kulainisha.

"Dada Masika," akasema, "nilikuona Kisinga."

"Uliniona."

"Ukipokea."

"Nikipokea, ndiyo."

"Binti yangu nilimwambia sheria ni ya wote. Leo akiniuliza, nimwambie sheria inaishia Kinyamaseke, kabla ya kufika Kisinga?"

Shangazi akasema, kwa sauti iliyokuwa ndogo kuliko yake, kwamba yeye na Baba Mumbere wanaishi kama ndugu, na padri anajua. Mzee mmoja karibu na mlango akacheka puani. "Ndugu gani hao, chini ya bati moja?" Ndipo Biira akanigeukia. "Mwalimu, wewe unalala humu. Wewe ni msomi, huwezi kudanganya jumuiya. Sema."

Nikasema kwamba Mzee Kule analala chumbani kwangu.

"Siku zote?"

"Siku zote. Anakoroma."

Walicheka, chumba kizima, kwa nafuu ya watu waliobana pumzi, na kwa dakika nzima nilidhani nimeokoa mambo. Kisha nikamwona Shangazi. Alikuwa amegeuza magoti pembeni, pale kwenye kiti chake mwenyewe, kana kwamba kicheko kile kinataka kupita.

Kule alisimama taratibu. Katika jumuiya hakuwa mtu wa kusema. Kwa kawaida alikaa akishika rozari na midomo haitikisiki. "Mimi sijauliza mutu hapa analala na nani," akasema. "Hata Mama Biira sijamuuliza. Sasa munauliza mutoto wa nyumba juu ya bazee. Sawa. Kama shida ni bati, mimi nitatoka chini ya bati." Akaketi. Katekista, baada ya kutafuta ukurasa ambao hakuuhitaji, akaanzisha wimbo wa kufunga.

Asubuhi nilikuwa nikinyoa ndevu dirishani. Dirisha langu lilitazama jikoni nje, na Shangazi alikuwa akisonga bundu. Kule alikuwa amelikunja godoro, analifunga kwa kamba. Walijua nipo. Nyumba ile ilikuwa imetufundisha kuishi kama vile hatupo.

"Stoo kuko chumba nyuma," Kule akasema. "Patron wa stoo amekubali. Nitakuja kula hapa, nitarudi kabla ya giza, batu baone."

"Utakula nini asubuhi?"

"Nitaona." Akakaza fundo. "Mama Mumbere, ulipoungama, padri alikuuliza kama unajuta."

"Humuuliza kila mtu."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema najuta." Mwiko haukusimama.

"Unajuta nini? Mumbere? Hii nyumba? Mimi?"

"Usinikatekate hivyo."

"Siko na hasira. Nauliza." Alikuwa amepiga goti moja juu ya godoro, lisifunguke. "Mimi nilienda mpaka mlango ya kanisa. Nikajaribu kusema ile neno ndani ya kichwa, ikakataa. Nikimwambia Mungu ninajuta hii miaka yote, nitakuwa ninamudanganya, na yeye aliona. Kwa hiyo nitakaa nyuma mpaka nikufe. Sawa. Lakini nataka nijue kama niko pekee yangu kule nyuma."

Shangazi aliuzungusha mwiko, akauzungusha tena, akaupiga ukingoni mwa sufuria. Nilisimama na povu shavuni nikisubiri jibu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wake mwenyewe.

"Kula kwanza," akasema.

Alikula, akalibeba godoro, akaenda. Kuanzia siku hiyo alikuja jioni, akala, akaaga kwa sauti iliyosikika barabarani, akatembea kuelekea Mpondwe mbele ya macho ya wote waliotaka kuhesabu. Chumba changu kilikuwa kimya, nami sikupata usingizi. Padri alipoarifiwa alikuja mwenyewe hotelini, akanywa chai, akamwambia Shangazi kwamba sasa haoni kikwazo. Anaweza kupokea nyumbani. Alilisema kama mtu anayelipa kitu kwa fedha ya mwingine, na hakumaliza chai.

Jumapili ile kigango kilijaa. Wanawake wengi walikuwa tayari wameshona vitenge vya kumpokea Papa. Kwetu wanaume hukaa kulia, wanawake kushoto, na sijui nani aliamua hivyo, ila hata wageni huambiwa. Kule alikuwa benchi la mwisho la kulia, mimi mbele yake kidogo. Wakati wa komunyo benchi la Shangazi lilisimama, naye akasimama nalo. Mama Biira alikuwa mbele yake. Niliona mabega ya Biira yakikaza, kisha akasogea, si kwa furaha wala kwa hasira, akamwacha atangulie. Shangazi alitembea polepole. Padri alimwinulia hostia, akasema maneno anayomwambia kila mtu, Shangazi akaitika amina, akapokea.

Halafu hakurudi kushoto. Alifika kwenye kona ambako wanawake hukunja kurudi kwenye mabenchi yao, akaipita. Akashuka njia ya katikati, mikono imefumbatwa kifuani, midomo imefungwa, akapita benchi langu bila kunitazama. Wimbo ulilegea, wale wa mbele waliendelea kuimba kwa sababu hawakuona. Alisimama mwisho wa benchi la nyuma, upande wa wanaume, akangoja.

Mzee Kule alikuwa ameinamisha kichwa. Alipoona gauni alisogea, akageuza magoti yake pembeni, akampisha. Shangazi akaketi kando yake, Ekaristi ikiwa bado kinywani, na hakuinuka pale mpaka baraka ya mwisho.